Siku Saba za Makarius

Mama alipozidiwa, nilikwenda posta ya Mpanda kumpigia simu kaka yangu Makarius. Alikuwa Kopenhageni tangu 1983.

"Ndege kutoka huku hadi Dar ni siku tano, Venant," alisema. "Mpaka nifike mtakuwa mmeshazika. Mwambie mama anisamehe."

Nilifikisha maneno kama nilivyopewa. Mama, ambaye alikuwa hajala kwa siku mbili, alifungua macho.

"Siku tano angani! Huyo mtoto anajisaidia wapi?"

Mke wangu Lucia alicheka hadi akaweka bakuli chini.

"Na treni kutoka Dar?" mama aliuliza.

"Mbili, akiunganisha vizuri Tabora."

"Saba. Saba naweza. Lucia, lete uji."

Mimi ni fundi cherehani sokoni Kashaulili. Ninachokijua kuhusu dunia nimekisoma mwenyewe, polepole. Zile siku tano zilinisumbua, lakini sikutaka kumdhania kaka vibaya. Parokiani kuna tufe la dunia. Niliomba ruhusa, nikazungusha uzi kwenye ikweta, kilomita elfu arobaini, nikaukunja kwa mafungu sawa. Kisha nikauvuta kutoka Kopenhageni hadi Dar es Salaam. Elfu saba na kidogo. Ndege kubwa huenda karibu kilomita mia tisa kwa saa. Nikapima mara ya pili. Nikamwongezea saa za kubadilisha ndege, nikamwongezea na usiku mzima wa kusubiri uwanjani. Hazikufika siku mbili.

Alhamisi nikapiga tena.

"Kaka, angani ni saa nane tu. Nimepima."

"Umepima na nini?"

"Na uzi."

"Fundi bwana! Unaikata dunia kama suruali?"

"Mama anajilazimisha kula ili umkute hai. Anahesabu siku zako."

Nilisikia akifunga mlango upande wa pili.

"Nilisema siku tano ili asinisubiri," alisema.

"Basi panda ndege. Bado utamuwahi."

"Nikija nitafanya nini, mdogo wangu? Mimi si daktari. Na kazi nimwachie nani?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kusema kweli. Nilimkuta mama ameketi, kwa mara ya kwanza wiki ile, akimeza uji huku machozi yakimtoka kwa maumivu ya koo. Sikusema.

Asubuhi ya siku ya saba hakuweza tena kuketi. Alimtaka Lucia amnawishe uso na kumfunga kitenge kipya. Kisha akaniita.

"Leo ya ngapi?"

"Ya tano, mama. Leo ndiyo anashuka Dar."

Lucia alinitazama, akatoka nje na beseni.

Mama alihesabu kwa vidole juu ya blanketi, taratibu, akarudia.

"Bado mbili," alisema, na niliona jinsi zilivyomwelemea. Alifumba macho, akafungua mdomo, akangoja kijiko.