Kocha Kiprono na Kibuyu Kilichokauka

Kweli tupu nawaandikia, na nikiongeza hata punje ya chumvi, ng'ombe wangu akatae kukamuliwa.

Hapa Kaptagat kuna kambi ya wakimbiaji ya Kocha Kiprono, mzee wa kanisa. Mimi ni jirani yake, dereva mstaafu wa lori la mahindi la Moi's Bridge. Kocha ana sheria moja: ukishinda mbio yoyote, ukirudi unaosha vyoo vya kambi kwanza, ndipo uonje mursik, yale maziwa lala ya kibuyu anayonyweshwa mshindi. "Ajikwezaye atashushwa," husema, halafu anakupa brashi. Nimeona bingwa wa marathoni akisugua choo na medali shingoni.

Jumamosi kocha mwenyewe akatuzwa kuwa kocha bora wa kaunti. Akarudi na suti mpya, pasta nyuma yake, wageni wamejaa uwanja mpaka wengine wakapanda miti. Mkewe, Mama Angeline, alikuwa ameweka kibuyu mezani. Kocha akanyoosha mkono.

"Kocha," akasema Jepkemboi, msichana aliyejiunga na kambi juzi tu, "si umeshinda?"

"Nimeshinda, Mungu asifiwe."

"Na choo?"

Jameni. Palinyamaza mpaka nikasikia mahindi yakikua kule mashamba ya mji wa Ziwa, safari ya saa nzima kwa lori. Wakimbiaji walimkazia macho. Kila mmoja wao alishainamia vile vyoo kwa neno la huyu mtu. Akikataa leo, kesho alfajiri nani ataamka kumfuata?

Pasta akakohoa. "Leo kuna wageni. Si tumsamehe tu?"

Kocha alikuwa kama mtu aliyezabwa kofi na mtoto wake. Akaitazama suti, akawatazama wakimbiaji. Kisha akavua koti, akampa pasta alishike, akakunja suruali.

"Asante, mama," akamwambia Jepkemboi. "Nilikuwa nimejisahau."

Watu wote wakamfuata kwenda kushuhudia, hata Mama Angeline. Alisugua mpaka mlango wa choo ukameremeta, ndege wakatua kujitazama.

Aliporudi, mikono ikichuruzika maji, akainua kibuyu. Chepesi. Akakipindua. Hata tone.

Mama Angeline akashika kichwa. "Nilikijaza mimi mwenyewe."

Nikaona niwasaidie. "Ndugu zangu, mimi nilibaki hapa nikilinda meza. Kocha alipopiga magoti kule, maziwa yalipanda juu kama moshi, nikiona kwa macho haya. Mungu ameyapokea."

Ilibaki kidogo tu pasta aseme amina.

"Mzee Mbuthia," akasema Jepkemboi polepole, "hizo ndevu."

"Zina nini?"

"Asubuhi zilikuwa nyeupe."

Nikapapasa. Vidole vikatoka vyeusi. Sisi ambao babu zetu walitoka Murang'a hatukulelewa kwa maziwa ya kibuyu. Nani angeniambia kwamba ndani hupakwa makaa, na makaa hayo hushika ndevu?

Nilingoja kocha anifokee. Hakufoka. Alitoa leso yake, akanipangusa mdomo mbele ya watu wote kama mtoto, halafu akaniwekea brashi mkononi.

"Aliyekunywa ya mshindi, Mzee, ndiye mshindi. Hongera."

Naandika haya nimekalia ndoo iliyopinduliwa, magoti yamelowa. Jepkemboi amepita sasa hivi, akachungulia mlangoni, akanionyesha kona niliyoruka.