Hasira Iliyoandikwa kwa Mwiba

Kwaru. Kwaru-kwaru. Kimya. Kisha kwaru tena.

Wakata mkonge waliotangulia walisimama njiani. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka Vugiri ukalala juu ya shamba, hata mtu asione kidole chake mwenyewe. Huko mbele, ndani ya mistari ya mkonge, kitu kilikuwa kikikwaruza.

"Panya huyo," mmoja alisema.

"Panya gani anayenyamaza katikati kama mtu anayefikiri?"

Hawakucheka. Walingoja mpaka kukapambazuka, na sauti ikakoma. Walipofika shambani walimkuta Mdoe peke yake mwanzoni mwa mstari wake, akinoa panga, uso mkavu kama wa mtu ambaye ndiyo kwanza amefika.

Mdoe alikuwa mtu wa Misima, huko Handeni, kijana Mzigua wa mabega mapana na pua isiyopenda kushushwa. Alikuja Korogwe miaka michache baada ya vita vya Hitla, wakati Mwingereza alipokuwa anautaka mkonge kuliko dhahabu, akapewa kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, na chumba kimoja kambini. Kwao alijulikana kwa ngumi. Mtu akimtazama vibaya kisimani, Mdoe hakuuliza sababu. Bibi yake, Zuena, ndiye aliyemlea, na bibi huyo alikuwa na desturi yake: akikerwa, hujaza maji kinywani, huketi nayo kitambo akiyataja kimoyomoyo yaliyomkera, kisha huyatema nje ya kizingiti na kurudi jikoni kusonga ugali wake.

"Hasira usipoitema, mjukuu wangu, itakutafuna," alimwambia.

"Mwanamume hatemi maji, bibi. Anamtemesha mwenzake meno."

"Haya. Siku ukiishiwa na watu wa kuwatoa meno, uje nikupe kata ya maji."

Siku hiyo ilimfika akiwa mbali na kata ya bibi. Mtu aliyepita na mbuzi kutoka Handeni ndiye aliyeleta habari: mama yake Mdoe amefariki na amekwisha zikwa. Kipande cha Mdoe kilikuwa hakijajaa, na nyapara hakumpa ruhusa. Jioni ile watu walikuja kuketi naye nje ya chumba chake. Miongoni mwao alikuwamo Yordani, Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu zama za misafara. Mtani ana ruhusa yake msibani. Anaweza kulala kwenye jeneza, anaweza kumsema maiti, na mfiwa hana budi kucheka.

Yordani alisimama akajifuta midomo. "Jamani, msidanganywe. Mama yake huyu hakufa kwa maradhi. Alisikia mwanawe anarudi nyumbani na huo mdomo wake, akaona heri kaburi."

Watu waliangua kicheko. Mdoe naye alicheka, kwa sababu kumkasirikia mtani ni aibu kuliko kukamatwa na kuku wa jirani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na watu wakadhani ni ya kicheko.

Asubuhi yake, shambani, Yordani aliinama kwenye mstari wa pili. Shingo yake iling'aa kwa jasho. Mdoe alijikuta amekwisha pima umbali wa kutoka kwenye panga lake mpaka kwenye shingo ile. Akapiga magoti chini, akakata mwiba wa ncha ya jani, na kwa kuwa hakuwa na maji wala kizingiti, akaukwaruza mwiba ule juu ya jani bichi. Aliandika kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuo cha Kurani huko Misima akiwa mtoto, lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili chake mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha kupanga mizani. Alizihesabu kwa kugonga vidole pajani, kama alivyokuwa akisikiliza watu wakiimba, na alipomaliza shingo ya Yordani ilikuwa imerudi kuwa shingo tu.

Tangu siku hiyo hakuacha. Mkata mkonge hukata majani ya chini. Yale ya juu, yanayouzunguka moyo wa mmea, huachwa yakomae. Mdoe aliandika kwenye hayo ya juu, alfajiri kabla wenzake hawajafika, akipapasa kwa vidole. Jeraha la mwiba hukauka likawa kovu la rangi ya udongo, na jani likikua maneno nayo hutanuka. Miezi ikipita jani hushuka, zamu yake ya kukatwa hufika, na hapo Mdoe alimkuta Mdoe wa zamani anamngoja. Alisoma kabla ya kukata. Mara nyingine alijicheka. Mara nyingine alijikuta amejidanganya wazi: siku alizojiita simba ndizo alizoogopa zaidi, na watu aliowatukana kwa ubeti mrefu ndio aliotamani wamwite kwenye moto wao jioni. Akishajisoma hukata, akafunga mzigo, na jani likaenda kwenye korona, mashine ya kusaga majani na kutoa nyuzi. Hasira zake zilikwenda Ulaya kufunga mizigo ya watu.

Mwaka ulipita hivyo, na katika mwaka ule hakumpiga mtu hata kofi. Kambini walisema Mdoe amezeeka.

Sasa, asubuhi ile ya ukungu, nyapara Kasmiri alikuja na fimbo yake kwapani. Alikuwa mtu wa misheni, mwenye haraka, aliyeogopa kufokewa na bwana shamba kuliko alivyoogopa moto wa jehanamu.

"Mdoe, leo nenda kwenye troli, wapakiaji hawatoshi. Yordani, shika mstari wake."

"Mstari wangu ninaukata mimi," alisema Mdoe.

"Wako tangu lini? Babu yako aliupanda?"

Wenzake walicheka. Mdoe alikwenda kwenye troli. Hakupakia hata mizigo mitatu kabla ya kusikia ukelele.

Yordani alikuwa ameketi chini, mguu mbele yake, damu ikichuruzika kwenye ugoko. Mkewe, Grasiana, aliyekuwa ameleta uji, alikuwa ameshaufunga kwa kipande cha kanga. Jeraha halikuwa la kumuua mtu. Lakini hakuna aliyekuwa akilitazama jeraha. Walikuwa wakiyatazama majani.

"Niliinama kukata," Yordani alisema, meno yakigongana, "nikaona maandishi. Nikatazama mmea wa pili, maandishi. Wa tatu. Mstari mzima umeandikwa. Panga likaniponyoka."

"Talasimu," mtu alinong'ona.

"Ndiyo ile iliyokuwa ikikwaruza gizani."

Mapanga yakashushwa. Mmoja baada ya mwingine walirudi nyuma mpaka barabarani, wakakataa kuingia mistari ile. Kasmiri alitishia, akabembeleza, akatishia tena. Huko relini troli zilikuwa zinangoja. Mwishowe akauliza lile swali ambalo wote walikuwa nalo mdomoni.

"Nani hapa anajua kuandika hivi?"

Macho yote yalimwendea Mbwana.

Mzee Mbwana alikuwa mtu wa Handeni pia, mfunga mizigo, mnung'unikaji mkubwa, bahili wa ugoro. Kila mtu alijua kwamba mtoto akishikwa na homa kambini, Mbwana humwandikia kombe, aya za Kurani, kwenye sahani kwa zafarani, likaoshwa, mtoto akanywa. Wengi wa watoto hao walipona. Leo hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

"Wewe mzee," Grasiana alisema, "mwanangu alikunywa kombe lako. Leo unamwandikia baba yake nini?"

"Mimi mgongo wangu hauinami hata kufunga viatu," alijibu Mbwana, "nitainama kuandika shamba zima? Na viatu vyenyewe sina."

Hakuna aliyecheka. Kasmiri alikata jani moja kutoka kwenye mmea aliokuwa akiukata Yordani, akalishika kwa ncha za vidole kama mtu ashikaye nyoka, akampa mzee.

"Soma. Kama ni maneno mema, tusikie. Kama ni uchawi, leo hii unarudishiwa kipande chako unakwenda kwenu, na jumbe wa Handeni atapata habari kwa nini."

Mdoe alikuwa amesimama nyuma ya watu. Aliliona jani, akalitambua. Lilikuwa la kwanza kuliko yote, ambalo zamu yake ya kukatwa ilikuwa haijafika mpaka leo. Akajua pia ni kitu gani Kasmiri alikuwa anakifanya: mtu aliyefukuzwa kambini kwa jina la uchawi hapokelewi kwao. Jina humtangulia njiani, likamkalia mlangoni.

Mbwana aliliinua jani kwenye mwanga. Midomo yake ilitembea taratibu kutoka kulia kwenda kushoto. Alifika mwisho. Halafu akainua macho, akayapitisha juu ya vichwa vya watu wote, yakaenda kutua moja kwa moja kwa Mdoe. Hayakukaa. Yakashuka.

"Sisomi," alisema.

"Hujui au hutaki?"

"Najua na sitaki. Si uchawi. Lakini haya ni maneno ya mtu na nafsi yake, na mimi sikualikwa." Akajitia ugoro puani. "Nipe kipande changu."

Mdoe alisikia masikio yake yanawaka. Angeweza kukaa kimya. Mzee mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango apite. Mbwana alikwishaelewa kila kitu: kwamba maneno yale yakisomwa, kambi nzima itajua Mdoe alimkasirikia mtani wake, alichekeshwa msibani akaumia, alitetemeka. Mzee alikuwa tayari kwenda Handeni na jina la mchawi ili kijana mwenye pua ndefu asiaibike. Na hilo ndilo lililomwasha Mdoe kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa. Hakuzoea kupiganiwa na wazee.

Akawasukuma watu, akaenda mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rudi kwenye troli."

"Nipe jani langu."

Watu wakaguna. Kasmiri akafungua mdomo, lakini Mdoe alikuwa amekwisha lichukua jani mkononi mwa Mbwana. Akageuka akawatazama wote, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua wa kuanza naye.

"Anayetaka kucheka acheke sasa, ili nikianza asinikatize."

Kisha akasoma, kwa sauti ya shambani, ile inayofika mstari wa mwisho:

"Nilishika panga langu,
nikatazama mwenzangu,
nikaona roho yangu
yatetemeka kwa woga.

Kamcheka mama yangu,
nikacheka na wenzangu,
machozi yakawa yangu,
bibi, natema kwa mwiba."

Uji wa Grasiana ulikuwa umepoa kwenye kibuyu. Yordani alikuwa wa kwanza kuelewa, kwa maana alijua ni nani aliyemcheka mama wa nani.

"Mwenzako huyo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Ulitaka kunikata. Kwa utani?"

"Nilitaka. Nikaandika badala yake. Shingo yako unayo mpaka leo kwa sababu ya hilo jani mnaloliita talasimu. Mguu umejikata mwenyewe kwa woga wako."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mabua. Mzigua amemkasirikia mtani, na anasema hadharani. Yordani alijaribu kurudi kwenye njia anayoijua.

"Kwetu mtani akichukia hutozwa jogoo," alisema. "Unadaiwa jogoo, Mzigua."

"Jogoo sitoi. Ungenichekea uvivu, ningetoa. Ungenichekea pua hii, ningetoa wawili. Siku ile sikuwa hata nimeliona kaburi."

Yordani alitazama mguu wake. Akakaza fundo la kanga. Kisha alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nilidhani umecheka."

"Wote mlidhani."

Mdoe hakungoja zaidi. Aliingia kwenye mstari, akainama kwenye mmea wa kwanza, akakata majani ya chini, akatupa miiba, akasonga kwenye mmea wa pili. Palipokuwa na maandishi alisoma kwa sauti kabla ya kukata: siku aliyomwonea wivu Yordani kwa kuwa na mke wa kumletea uji, siku aliyomwota bibi Zuena, siku aliyomtukana Kasmiri kwa ubeti mzima. Kwenye huo wa Kasmiri watu walicheka kwa mara ya kwanza tangu Yordani ajikate. Mmoja aliinua panga lake, akaingia mstari wa jirani. Kisha mwingine. Mbwana alinung'unika juu ya mgongo wake, akaanza kufunga mizigo.

Kasmiri alimfuata Mdoe mpaka katikati ya mstari. Fimbo ilikuwa imetoka kwapani.

"Mzee atabaki. Lakini wewe unisikilize. Mkonge huu ni wa kampuni, mpaka jani la mwisho. Hapa mbele ya watu hawa nataka ahadi yako kwamba hutaandika tena. Bila hiyo, kesho kipande chako nakichana."

Mapanga yalipunguza mwendo. Watu walitaka kusikia. Mdoe alinyoosha mgongo, akaokota mwiba mmoja kati ya ile iliyokuwa imetapakaa miguuni, akauchomeka kwenye ukosi wa shati lake. Hakumgeukia Kasmiri. Alimgeukia Yordani, pale alipoketi na mguu uliofungwa kanga.

"Unataka ahadi, nyapara, nami naitoa, lakini naitoa kwa mwenye haki nayo. Mtani, sikiliza. Kesho nitaandika, na kesho kutwa nitaandika, hapa au kwenye shamba lolote litakalonipa kazi. Na siku nikitamani tena kukukata, nitaliweka jina lako na langu kwenye jani moja, nitakuita, nami nitakusomea wewe kwanza."