Usukani wa Kidole Kimoja

Mwaka sitini na moja Mzee Mahfudh wa Kisauni alinunua gari la Kimarekani, refu hata mkia wake ulichelewa kufika nyumbani. Usukani wake ulizunguka kwa kidole kimoja. Mtaa ukasema mna jini. Bi Mwanabibi, ambaye huwa na habari kabla hazijatokea, alimtaja jini huyo mpaka kabila lake.

Ngowa aliitaka kazi ya kuliendesha kuliko kuingia peponi. Miaka kumi alikuwa anasukuma lori la mapipa Changamwe, mikono imemtuna kama magogo. Siku ya majaribio alikata kona kwa nguvu za lori, gari likaingia jikoni kwa Bi Mwanabibi na kutoka na sufuria ya mbaazi. Kazi akapewa Aqil, mpwa wa mzee, aliyeendesha kwa kidole cha shahada, vingine vikisalimia wapita njia. Ngowa akarudi kwenye lori na jina jipya: Mbaazi.

Ikaja arusi ya Hafswa, binti wa mzee. Wanawake tulilivika gari leso mbele mpaka nyuma. Ngowa, aliyepakia wapiga ngoma kwenye lori lake, akamnong'oneza Aqil kuwa pindo moja lingevutwa na feni ya injini. Aqil akamwambia akaangalie mbaazi zake.

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nimemshikia Hafswa shela, mzee mbele kando ya Aqil. Kufika kona ya Mtopanga, leso ikanyonywa, mkanda ukaruka, usukani ukawa mzito kama kinu. Aqil akauning'inilia kwa mikono miwili, kisha na goti. Tukasimama tunatazama choo cha watu.

Ngowa akashuka kwenye lori lililotufuata, akafungua boneti, akaitoa leso, imekuwa matambara.

"Hamna jini, mzee," akasema. "Mkanda huu huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta. Ukikata kulia, mafuta hukusaidia kulia. Kushoto, vivyo hivyo. Mkanda ukitoka, magurudumu bado yanakutii, lakini kwa mikono yako mwenyewe." Akaitazama ya Aqil. "Ukiwa nayo."

"Aqil, shuka," akasema mzee.

Utingo wa Ngowa akashika lori, Aqil akaenda kukaa nyuma yake, katikati ya ngoma. Ngowa akatufikisha kwa bwana arusi kanzu imemganda mgongoni, kila kona anaguna kama anayebeba gunia, na kila akiguna sisi tunapiga vigelegele.

Mlangoni Mzee Mahfudh alimwambia aje Jumatatu, kazi ni yake. Bi Mwanabibi akasema hana neno, ila kwanza sufuria yake irudi.