Mlinzi wa Lango la Kinywa

Namshukuru Mola aliyetupa kinywa cha kumtajia, na rehema zimshukie Mtume wake aliyeupenda mswaki. Baada ya hayo, nawaandikia kwanza nyinyi wagonjwa wangu, kisha matabibu wenzangu wa meno, na mwisho nafsi yangu, iliyostahili kutangulia.

Asubuhi moja ya Shaaban alikuja zahanatini Bi Mwanatumu Shebwana, anayewasomesha wanawake Kurani, shavu limemvimba kwa usaha. Alikuwa akifunga tangu Rajabu, na kwa kuchelea kuharibu saumu aliuweka mswaki kando, mchana na usiku. Ufizi ulipoanza kutoa damu, hofu ikamzidi. Mimi niliyesoma fikihi kabla ya utabibu ningaliweza kumtuliza kwa maneno mawili. Badala yake nikamwambia, benchi zima la wagonjwa likisikia, "Na kwa kinywa hiki, Bi Mwanatumu, unasomesha maneno ya Mungu?" Watu wakacheka. Akavuta mtandio usoni, akatoka bila kutibiwa. Na usaha wa namna ile ukiachwa hushuka shingoni, ukaua. Nilisali adhuhuri kwa moyo mzito, nikajilaza, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika mji usio na jua, ardhi yake nyekundu na laini, ambamo raia wenye kanzu nyeupe walisimama safu mbili, moja juu na moja chini, zikikabiliana, miguu yao imezama ardhini kama mizizi. Kando yangu alikuwapo mama mtulivu aliyejiita Nasiha. Miguuni mwa raia alichutama Ukoga, mwashi mpole, akijenga ukuta wa manjano kwa udongo unaonuka, akiwabembeleza wasihangaike, kwani kuoga kunangoja kesho. Nyuma yake Utamu aligawa halua, na kila aliyelamba, kanzu yake ilitoboka. Nikawapigia kelele wajisafishe. Wakainamisha vichwa tu, na mmoja wa mbele akang'oka, akaanguka bila sauti, na pale aliposimama pakafoka damu nyeusi. Ndipo nikaona, nje ya lango, wafagizi waliobeba mafagio ya mti wa mswaki, wamezuiwa na mlinzi aliyejifunika uso. Nikauliza ni nani.

"Huyo ni Aibu," akasema Nasiha. "Si mzaliwa wa hapa. Aliletwa leo asubuhi na mtu wa koti jeupe."

Nikajitazama mikono, nilikuwa nimelivaa koti langu la kazi. Nikamwuliza Nasiha, Aibu huondolewaje.

"Hatoki kwa kukemewa, maana kemeo ndilo chakula chake. Aliyemleta ndiye amtoe. Kisha mwonyeshe mwenye mji jinsi mswaki unavyopita, umpe mkononi, unyamaze, umtazame akifanya."

"Na nikichelewa?"

"Utawahi mazishi."

Safu zote zikayumba kwa pamoja, nikaamshwa na adhana ya alasiri. Nikafahamu kwamba kwa miaka thelathini na moja nimewapa watu aibu nikidhani nawapa elimu.

Nikasali, nikaenda kwake. Binti yake Zuwena akaniambia kwamba mama hatoki chumbani wala hasemi. Nikaomba radhi nikiwa nimesimama mlangoni, majirani wakisikia, kwa kuwa kosa lilikuwa la hadharani. Nikaeleza kwamba baada ya futari na baada ya daku asugue meno bila wasiwasi, na damu ya ufizi hutemwa tu.

"Umekuja kulichungulia pango la kinywa changu, daktari?" akauliza Bi Mwanatumu, nyuma ya pazia.

Nikamjibu kwamba nimekuja kuomba ruhusa ya kumtibu. Jioni hiyo nilimng'oa meno manne, mawili ya mbele yakiwemo, na sasa herufi ya thaa humponyoka mbele ya wanafunzi wake. Kila wiki huja, akayasugua mbele yangu yaliyosalia, nami natazama bila neno.

Ewe Mola, wapo walioondoka kwa ulimi wangu wasirudi, na sijui wamelala wapi. Wabariki waliobaki: meno katika kinywa cha mama huyu, na wagonjwa ambao bado wanathubutu kufunua midomo mbele yangu. Amina.