Kesi ya Njia ya Maji

Siku hizi watu wa Roret wakigombania njia wanatafuta wakili. Mwaka wa tisini na nne tulikuwa na kokwet, kikao cha kijiji. Tulikaa kwenye banda la kupimia majani chai, lori likishaondoka, kila mtu juu ya gunia lake. Harufu ile ya majani mabichi bado ninaitamani.

Johana jirani yetu alikuwa ameziba kwa miiba njia iliyopita katikati ya chai yake, kutoka kwetu hadi nyumbani kwake na chemchemi iliyokuwa chini ya nyumba. Bila njia hiyo, mama yangu Rodah angezunguka kilima kizima na mtungi mgongoni.

Johana alisimama, akaongea vizuri kama redio. Wanawake wanavunja machipukizi. Ng'ombe wanawafuata. Marehemu babake aliruhusu watu kupita mwaka wa kiangazi tu.

Mama akaruka. "Mwongo wewe! Baba yako mwenyewe ndiye aliyeikata hiyo njia kwa panga!"

"Mama Kiplimo, keti upoe," akasema Benard, mwenyekiti. "Hapa tunataka sababu, hatutaki hasira."

Mama akaketi akilia. Nikajua tumeshindwa.

Ndipo Sellah, mke wa Johana, akacheka huko nyuma. "Baba Chemutai, tangu lini ukaongea bila kukwama? Juzi mbuzi alikula shati lako, ukakwama kwa 'mbu-mbu' mpaka akalimaliza! Hayo maneno umeyakariri wapi?"

Watu wakavunjika mbavu. Johana hakucheka. Shingo ilimvimba.

"Ni kwa sa-sababu hakuja!" akapaza sauti. "Ma-mama yangu amezikwa, Rodah ha-hakuja!"



"Johana," mama akasema, "wiki ile nililala hospitalini na binti yangu Winny, alikuwa mgonjwa."

"Na u-uliporudi? Ulipita mlangoni kwangu na maji, hata po-pole hukuniambia."

Mama akajifuta machozi kwa leso. "Hilo ni kweli," akasema.

Benard alitaka turudi kwa machipukizi. Hakuna aliyemsikiliza.

Jumapili, baada ya kanisa, mama alibeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akazunguka kilima hadi kwa Johana. Walimwongelea marehemu mama yake Johana mpaka jua likashuka. Wakati wa kurudi, Johana alitangulia na panga akiondoa miiba, mama nyuma yake akimwonyesha iliyobaki.