Ukifika kwa Shomari

Siku tatu sikukaa kitako. Naenda kisimani nasahau ndoo, nasonga ugali unaungua. Mume wangu Shomari yuko mahabusu bomani Kisarawe, ati ndiye mwizi wa mbuzi wa Kurui nzima! Jumatatu angepelekwa Dar es Salaam kushitakiwa, na huko kurudi ni majaliwa. Shomari huyu anayeogopa hata jogoo wake mwenyewe? Astaghafirullah.

Siku ya nne nikajitanda kaniki yangu, mimi huyoo, mpaka bomani. Karani Abeid, kijana wa mjini mwenye kalamu sikioni, akaniambia nirudi nyumbani. Nikamjibu sikutembea tangu alfajiri nije kutazama sikio lake, anionyeshe ushahidi. Nadhani kelele zangu zilimchosha, maana alinipeleka ukutani.

Palikuwa na ramani kubwa, imechomwa pini nyekundu kumi na nne. Kila mbuzi aliyeibwa, pini moja. Ujuzi huo Bwana Inspekta alikuja nao kutoka kwao Ulaya. Pini zote zimejazana mahali pamoja, kama kupe kwenye sikio la mbwa.

"Hapo ni nyumbani kwako, Mwanne," akasema Abeid. "Wizi wote unamzunguka mumeo."

"Nani kakwambia mbuzi wa Pazi aliibwa hapo?"

"Pazi mwenyewe. Nilimuuliza anakaa wapi, akasema ukifika kwa Shomari. Wote walisema hivyo."

Jamani! Nilicheka huku nalia. Kurui nzima nyumba ya bati ni moja, yetu. Mgeni yeyote akiuliza njia huambiwa, ukifika kwa Shomari, kata kushoto. Lakini kutoka hapo mpaka kwa Pazi ni mwendo wa saa nzima! Na Mwanamvua, aliyeibiwa naye, yuko ng'ambo ya mto!

Nikapaza sauti mpaka Inspekta akatoka. Nikamwambia ramani siijui, ila njia nazijua. Abeid akanionyesha mto na barabara, nami nikang'oa pini moja moja: huyu anakaa huku, yule kule. Tulipomaliza, pini zilikuwa zimetapakaa kutoka Kurui hadi Mzenga, na kwetu haikubaki hata moja. Mzungu aliitazama ramani yake wee, kisha akaagiza Shomari afunguliwe. Jioni ile nilirudi na mume wangu.

Nikadhani yamekwisha. Wiki ya pili nilikuwa uani natwanga mpunga, Shomari ndani kajilaza. Siku hizi hatoki, hata msikitini haendi. Akaja mchuuzi mmoja kutoka Dutumi, kanzu imejaa vumbi.

"Shikamoo mama. Naenda kwa Pazi. Nimeambiwa nikifika kwa mwizi wa mbuzi nikate kushoto. Ndiyo hapa?"

Mchi ulinisimama mkononi. Wallahi nilitamani kumtandika nao. Lakini yeye mgeni, kosa lake nini? Ndani nikasikia kitanda kikilia. Shomari alikuwa amesikia kila neno.

"Marahaba," nikasema. "Ndiyo hapa. Kata kushoto."