Pumzi ya Kiti cha Mbele

Mhudumu wa mlangoni alitazama tiketi zao mbili, akaelekeza mkono mmoja kushoto na mwingine kulia.

"Mgonjwa huku mbele. Wewe, mama, nyuma kabisa."

"Tunatenganishwa kama mbuzi mnadani," alisema Fundi.

Wifi yake alicheka, kisha akasimama kidogo ili pumzi imrudie. Kicheko kilikuwa kimeshakuwa kazi nzito kwake. Alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi, na nyumbani wote walimwita Mwalimu, lakini mlango mmoja wa moyo wake haukuwa ukifunga sawasawa. Aliacha kazi siku aliyoshindwa kutembea kutoka mezani mpaka ubaoni. Sasa alikuwa akipelekwa mbali kupasuliwa. Daktari alisema njiani alale na miguu iinuliwe, ndiyo maana ukoo ukajikamua ukamlipia kiti cha mbele, kile kinachofunguka kuwa kitanda.

Fundi alikuwa mke wa kaka yake. Kazi yake ilikuwa cherehani, na alichaguliwa kumsindikiza kwa sababu alijua kuuguza. Tena hakuna mwingine aliyeweza kumchekesha Mwalimu.

Fundi aliweza kumwiga mtu yeyote. Aliwaiga mwenye nyumba, mganga mkuu, na mumewe akitafuta soksi. Mara moja tu alijuta. Aliita kutoka jikoni kwa sauti ya mama mkwe wao, ambaye walikuwa wamemzika si muda mrefu, na baba mkwe akaitika "naam" na kuinuka kabla hajakumbuka. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Watu wanadhani ni sauti," alizoea kusema. "Sauti inakuja mwisho. Kwanza unaishika pumzi ya mtu. Ukishaipata, mikono inajileta yenyewe."

Ndege iliruka mchana, ikawa kama inalifukuza jua. Saa zilipita, na mwanga dirishani ukabaki palepale. Fundi alibanwa katikati ya wanaume wawili waliolala midomo wazi, kila mmoja akiwa amemwachia kiwiko. Baada ya chakula, pazia lililogawa ndege lilifunguka. Mwalimu akaja taratibu, akishika mgongo wa kiti kimoja baada ya kingine, midomo yake imekuwa rangi ya majivu.

"Wifi, nimechoka kulala. Nenda wewe ukanyooshe mgongo. Nusu ya safari yangu, nusu yako."

"Na yule dada wa mlangoni? Kashasema kila mtu akae kwenye kiti chake."

"Jifunike mtandio wangu. Akija, pumua kama mimi. Si ndiyo kazi yako?"

"Nitakushinda wewe mwenyewe."

"Hebu nikuone."

Wakasogea karibu na mlango wa choo. Fundi akaweka vidole kwenye mfupa wa bega, akakata pumzi fupifupi, akainua kidevu kama mtu aliye ndani ya maji. "Wifi," alisema, akapumzika, "hebu niletee," akapumzika tena, "kile kiberiti."

Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. Akamtazama Fundi kuanzia kichwani hadi miguuni, namna wateja wanavyoitazama nguo yao ikiwa imevaliwa na mtu mwingine.

"Hivyo hivyo," alisema. "Usipunguze kitu."

Kule mbele kulikuwa kimya. Abiria wachache walikuwa wamelala wamejifunika mablanketi mpaka usoni, na mwanga wa mchana uliwaangukia kama wamesahauliwa hapo. Kiti cha Mwalimu kilikuwa bado na joto. Fundi akajilaza, akajivutia mtandio unaonukia mafuta ya karafuu, akainua miguu. Kwa muda akaona raha ambayo hakuwahi kuionja maishani.

Mhudumu akaja. Fundi akaanza kupumua kama walivyopanga.

"Pole sana, mama," mhudumu alisema, akapiga goti kumwongezea mto. "Usiseme kitu. Pumzika tu."

Fundi aliuma mtandio asicheke. Mhudumu alipokwenda, akafungua kifua avute pumzi yake mwenyewe.

Haikuwepo.

Hewa ilifika shingoni ikasimama, kama mkono uliofika mwisho wa mfuko. Akajaribu tena. Ikafika palepale. Akajiambia ni mchezo umemkolea, atulie. Akatulia. Kifua kikaendelea kukata vipande vidogo vidogo bila kumwuliza.

Ndipo alipohisi miguu. Viatu alivyovivaa asubuhi vikipwaya sasa vilikuwa vinamkata kwenye kanda. Akajaribu kuivua pete, ikagoma kupita kwenye kiungo. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu amvue Mwalimu pete zake kwa povu la sabuni. Magauni yao ya safari alikuwa ameyashona kwa kitambaa kimoja. La Mwalimu alilipima mara mbili na kuliachia nafasi kiunoni, kwa sababu ya maji yaliyojaa mwilini mwake. Lake mwenyewe alilikisia tu, kama alivyokisia nguo zake zote, maana fundi hana muda wa kujipima. Gauni hilo sasa lilikuwa limembana mbavu.

Kutoka nyuma ya pazia kikasikika kicheko. Kilianza chini, kikapanda, kikamalizikia puani. Alihitaji muda kukitambua, kwa sababu hakuwahi kukisikia kikitoka kwa mtu mwingine. Kilikuwa chake.

Akajiinua. Alikwenda akishika mgongo wa kiti kimoja baada ya kingine, na alipofika kwenye pazia mhudumu akamdaka.

"Mama! Umekatazwa kusimama."

"Kiti changu," Fundi alisema, akapumzika, "kiko nyuma."

"Rudi ulale. Nitamwita ndugu yako." Akamshika kwapani, akamlaza tena.

Mwalimu akaja upesi upesi, bila kushika chochote, mkononi ana kipande cha mkate. Mashavu yake yalikuwa yamepata damu. Gauni lilikuwa limempwaya kiunoni, na lilikuwa likicheza alipotembea. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, karibu na miguu iliyovimba, akaitazama bila kushangaa.

"Wifi, rudisha," alisema Fundi.

"Nirudishe nini?"

"Unajua."

Mwalimu alitafuna mpaka akameza. "Nimetembea kule nyuma kwenda na kurudi mpaka watu wakadhani nimechanganyikiwa. Nimekula trei yangu na ya jirani. Unajua ni lini mara ya mwisho nilisikia njaa?"

"Nina watoto. Yule mdogo hapati usingizi bila kushika sikio langu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuchagua." Mwalimu aliinama, akashusha sauti. "Daktari aliniambia kweli, wifi. Wengine wanalala pale mezani hawaamki. Tangu hapo kila nikifumba macho naiona ile meza. Mimi nikilala nani ataniita? Sina mume, sina mtoto. Nitapotelea kulekule. Lakini wewe una mtu anayesubiri sikio. Wewe utaamka."

"Pasipoti ina picha yako."

"Daktari hasikilizi pasipoti. Anasikiliza kifua. Akishakitengeneza kile kibovu, tunabadilishana tena, kila mtu kwake. Nusu yangu, nusu yako. Si tulikubaliana?"

"Na nisipoamka?"

Mwalimu akageukia dirisha. Jua lilikuwa palepale.

"Watoto ni wa kaka yangu," alisema hatimaye, kwa upole. "Siwezi kuwatupa."

Tangazo likasikika kwamba ndege inashuka. Mhudumu akaja akakagua mikanda, akamwambia Mwalimu arudi nyuma. Fundi akamshika mhudumu mkono wa shati.

"Hiki si kiti..." alianza, na hewa ikaisha.

"Anasema hiki si kiti, ni godoro la arusi," Mwalimu alidakia, akacheka kile kicheko kinachomalizikia puani. Mhudumu naye akacheka. Ulikuwa mzaha wa aina ileile ambao Fundi angeufanya.

Ndege ilipokuwa ikishuka, Fundi alifumba macho, akafikiri kwa utaratibu, kama anavyofikiri akiharibu nguo ya mteja. Kama aliingia humu kwa kuiga, atatoka kwa kuiga. Ajiige mwenyewe. Kwanza pumzi. Lakini pumzi yake ilikuwaje? Ndefu au fupi? Ilipumzika wapi? Akaitafuta. Akampata baba mkwe, akampata mumewe, akampata hata yule bibi kizee aliyewahi kuwa jirani yao Fundi alipokuwa mtoto. Wote walikuwepo, kila mmoja na pumzi yake. Yeye peke yake hakuwepo. Hakuwahi kujisikiliza hata siku moja.

Mlangoni palikuwa na kijana wa uwanja na kiti cha magurudumu.

"Mgonjwa ni yupi?"

Mwalimu akamwelekeza kwa kiganja kizima, kwa heshima, akamsaidia Fundi kukaa. "Nitamsukuma mwenyewe," alimwambia kijana. "Ni wifi yangu."

Walipita kwenye ukumbi mrefu wa vioo. Mwalimu alisukuma kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akapiga simu nyumbani.

"Mmekula?" aliuliza, kwa sauti ya Fundi. "Mama hajambo, wanangu. Shangazi ndiye kachoka kidogo."

Simuni kukawa na vurugu za watoto, kisha sauti ndogo ya yule wa mwisho ikapenya. "Mama, fanya ile ya babu!"

Mwalimu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwiga mtu, hata akiombwa, alikohoa kidogo, akafanya ile ya babu. Mtoto akacheka mpaka akapaliwa.

Fundi alitaka kupiga kelele. Hewa iliyokuwepo haikutosha kupiga kelele, na kama ingetosha, angesema nini, na nani angemwamini kati yao wawili? Akanyamaza. Kisha akagundua kwamba anavyonyamaza ndivyo alivyokuwa akinyamaza siku zote, jikoni, dukani, kwenye misiba, kila alipokutana na mtu mpya wa kumwiga.

Akaegemeza kichwa nyuma mpaka kikakaribia tumbo la aliyekuwa akimsukuma. Akasikiliza.

Pumzi yake ilikuwa pale. Ilivutwa ndefu kwa pua, ikapumzika kidogo juu, kama mtu anayekata uzi kwa meno, kisha ikaachiwa yote kwa pamoja. Kumbe ndivyo anavyopumua. Si mbaya, alifikiri. Ya mtu mwenye haraka.

Alijaribu mara ya kwanza, akakosea. Kifua kikakatika katikati. Akasikiliza tena. Akavuta kwa pua. Akaishika juu, palepale panapokatwa uzi.

Nyuma yake, katikati ya kicheko, Mwalimu akasita. Kiti kikapunguza mwendo.

"Wifi," alisema Mwalimu, akapumzika. "Unafanya nini?"

Fundi aliachia yote kwa pamoja, akavuta nyingine.